Wauza diama na roboti za spamu: kubloku, kuripoti, kujifungia au kununua mlango wa mbele?

Nina kabine ya kutuma pesa na kuuza unite (salio) za simu katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kenya hii ni mtaa wetu, si ile nchi. Jioni moja umeme ulikuwa umerudi muda mfupi tu, watu wamejazana kuchaji, akaja kijana wa miaka kama kumi na minne ameshika noti tatu za elfu tano.

«Yaya, unitumie hizi ku hii namba. Mbio, anasema promo inaisha.»

«Namba ya nani?»

«Ya ule mwenye kuuzisha diama.»

«Unamujua?»

«Aliniandikia mu chati.»

Jina lililotokea kwenye simu yangu kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mama fulani. Muuzaji kwenye mchezo alijiita jina la mshambuliaji wa Ulaya. Nilimwonyesha, akasema ni sawa, pesa ni zake. Nikatuma. Na diama, yaani pesa ya ndani ya mchezo, zikaja kweli, usiku uleule. Baada ya wiki kama tatu kijana alirudi, safari hii hana pesa, ana simu tu. Aliinyoosha kwangu nisome: pale penye hesabu ya diama palikuwa na namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Mchezo ulikuwa umezirudisha zote, na zile alizokwisha kuzitumia zikawa deni.

Tangu siku hiyo wateja wengi huniuliza wafanye nini na watu hawa, maana wanajua mimi pia nacheza na nina timu. Wengine hutaka kunyamazisha tu, wasione tena matangazo. Wengine wana hasira, wanataka tapeli afukuzwe. Mzazi anataka mtoto wake asiguswe, na yupo anayetaka diama tu ila kwa njia isiyo na machozi. Hayo ni mambo manne tofauti. Nimezijaribu njia zote nne, na nilichogundua ni kwamba kila moja inamkinga mtu wake. Ukichagua njia inayomkinga mtu mwingine, utachoka bure kisha utasema haifanyi kazi.

Kwanza, anayekuandikia ni nani

Kwenye Free Fire ya Garena pesa ya mchezo ni diama, kwenye PUBG Mobile ni UC, kwenye Roblox ni Robux. Jambo moja wengi hawalijui, nalo lingewaokoa: diama na UC hazihami kutoka kwa mchezaji kwenda kwa mchezaji. Hakuna mtu anayeweza kuwa nazo «nyingi kwenye konti yake» akakumiminia wewe kama mafuta kwenye kopo. Kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya chini anafanya moja kati ya mambo haya. Ananunua kwa namba yako ya mchezaji katika nchi ambako bei ni ndogo. Au ananunua kwa kadi ya benki iliyoibwa, na mwenye kadi akilalamika benki inachukua pesa yake, mchezo nao unachukua diama zake. Hilo ndilo lililompata yule kijana. Au hana diama kabisa, anataka neno lako la siri. Robux za bure ndizo uongo mkubwa kuliko zote: hakuna tovuti wala programu inayozitengeneza, na zinazodai hivyo hukusanya maneno ya siri ya watoto.

Michezo mikubwa ya kompyuta ni habari nyingine. Kwenye RuneScape na World of Warcraft dhahabu hutoka mkono kwa mkono, kwa hiyo roboti huwekwa kuchimba na kuua majoka usiku na mchana, dhahabu ikauzwa kwa pesa halisi. Huko mali ipo kweli, ila sheria za mchezo zinakataza, na mnunuzi anaweza kufungiwa kama muuzaji. Kampuni ya EA nayo ina sheria hiyo kwenye michezo yake ya mpira: kununua sarafu nje ya mchezo ni kosa la anayenunua pia.

Roboti ya matangazo ni mdomo wa huyo muuzaji. Ni akaunti ya bure iliyofunguliwa asubuhi, inarusha sentensi ileile kwenye chati ya wote, herufi zimetengwa kwa nukta na namba zimewekwa mahali pa irabu ili kichujio kisiitambue. Haina hasira, haichoki, na ukiitukana haisomi. Ndiyo maana njia ya tano, ya kujibizana, siilinganishi hapa. Kujibu kunamwambia mwenye roboti kitu kimoja tu: namba hii ina mtu nyuma yake.

Nitazipima kwa nini

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inamkinga nani? Inakula muda na mega (data ya intaneti) kiasi gani, maana hapa kwetu mega ni pesa na umeme ni bahati? Inavunjika wapi? Unapoteza nini ukiichukua? Kisha nitasema inamfaa nani. Bei sikuiweka kama swali peke yake. Kati ya njia hizi, moja tu ndiyo inayotoa pesa mfukoni.

Njia ya kwanza: kubloku na kunyamazisha

*Inamkinga nani.* Wewe. Unagusa jina la mtumaji, unambloku, basi. Ukitaka zaidi, unazima chati ya wote, unafunga maombi ya urafiki kutoka kwa usiowajua, unabakiza sauti ya wenzako wa timu peke yao.

*Muda na mega.* Sekunde chache, mega karibu sifuri. Unaweza kufanya hivyo hata ukiwa unangoja mechi ianze.

*Inavunjika wapi.* Uliyemzuia ni jina, mtu mwenyewe bado yuko. Kesho atakuja na akaunti nyingine, na michezo mingi ina kikomo cha orodha ya waliozuiwa, kwa hiyo ukimbloku kila mmoja orodha inajaa. Mtangazaji pia hategemei chati peke yake. Huweka tangazo kwenye jina la akaunti, ukalisoma kila anapopita. Katika World of Warcraft miaka ya nyuma walifika mbali zaidi: walileta wahusika wengi kwenye mji wenye watu, wakawaua wote kwa mpangilio, maiti zikalala chini zikiunda herufi za anwani ya tovuti. Mchezaji aliyezima chati yake akatazama chini na kusoma tangazo. Ninalitaja kwa sababu ninalifikiria kila ninaposikia mtu anasema kubloku kunatosha. Kunapunguza sana, lakini macho hayabloki kila kitu.

*Unapoteza nini.* Chati ya wote ndiko mgeni anakopata timu. Mimi mwenyewe niliwapata wenzangu watatu wa kwanza humo, mmoja wa Katuba, wawili wa Kampemba, tukajikuta tunapita soko moja kila siku bila kujuana. Ukiifunga siku ya kwanza unacheza na wasiokujua mpaka utakapochoka.

*Inamfaa nani.* Anayecheza peke yake kupumzisha kichwa baada ya kazi. Mtoto mdogo pia, mradi mkubwa wake akae naye, wazime pamoja na amweleze kwa nini. Mtoto aliyefungiwa chati bila maelezo ataifungua mwenyewe.

Njia ya pili: kuripoti kwa wenye mchezo

*Inamkinga nani.* Mtu usiyemjua. Kwako faida ni ndogo, tangazo ulishaliona na hukudanganyika. Anayekingwa ni yule mwenye miaka kumi na miwili atakayeingia saa moja baada yako, na bado hajui kwamba diama hazihami. Watu hawaipendi njia hii kwa sababu hiyohiyo, na mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

*Muda na mega.* Dakika moja kama mchezo una kitufe cha kuripoti palepale kwenye jina. Dakika kumi kama wanataka ujaze fomu na kutuma picha ya skrini. Chagua sababu iliyo sahihi: tangazo au ulaghai. Wengi wetu tukiwa na hasira tunabonyeza «matusi», na ripoti inakwenda kwa wasiohusika. Maelezo marefu hayahitajiki. Jina la akaunti, saa, na maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, pamoja na zile nukta zake, maana nukta hizo ndizo zinazofundisha kichujio.

*Inavunjika wapi.* Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unaripoti leo, kesho roboti bado ipo, unasema kampuni haijali. Mara nyingi kampuni haziondoi roboti moja moja. Hukusanya, zikaangalia akaunti zinazotumia maneno yaleyale, kifaa kilekile, malipo yaleyale, kisha zikazifunga zote siku moja. Zikifunga moja moja, mtengenezaji wa roboti atajua mara moja ni kitu gani kilichomfichua, atakirekebisha jioni hiyo. Jagex, wenye RuneScape, walifanya fagio kubwa la namna hiyo Oktoba 2011, dunia ya mchezo ikaonekana tupu ghafla. Roboti zilirudi baadaye, hilo ni kweli. Lakini kila fagio linamgharimu mwenye roboti akaunti alizozikuza kwa miezi, na biashara yake inasimama kwenye gharama hiyo.

Udhaifu mwingine ni sisi wenyewe. Wapo wanaoripoti kila aliyewafunga goli. Kampuni ikipokea ripoti elfu za uongo, ile moja ya kweli inazama.

*Unapoteza nini.* Dakika zako, na kidogo moyo wako, maana mara nyingi hupati jibu zaidi ya «asante kwa ripoti yako».

*Inamfaa nani.* Mtu anayecheza mara kwa mara na ana subira. Wakubwa wa timu pia: kikosi cha watu ishirini kikiripoti akaunti moja usiku mmoja, hiyo ni alama inayoonekana. Haimfai aliyekwisha kuibiwa na anataka pesa yake irudi wiki hii. Yeye nitamrudia chini.

Njia ya tatu: kujifungia kwenye kundi lenu

Hii ndiyo njia ya timu yangu, nitajitahidi nisiipendelee.

*Inamkinga nani.* Watu wako. Mnaacha chati ya wote, mnapanga mechi kwenye kundi la WhatsApp au kwenye kikosi kilichofungwa ndani ya mchezo, na mlangoni mnaweka mtu. Kwetu anayeingia lazima ajulikane na wawili waliomo. Linki ya kundi haipostiwi popote. Kwenye WhatsApp tumeweka kwamba kila anayeomba kuingia akubaliwe kwanza na msimamizi. Kisha tunamwomba atume ujumbe wa sauti, aseme anatoka wapi na nani alimleta. Roboti haiwezi, na tapeli wa mbali hawezi Kiswahili cha Lubumbashi. Mtu akisema «njo ile siku» tunamsikia ni wa nyumbani kabla hajamaliza.

Kanuni ya ndani ni moja: hakuna kuuza wala kununua humu, hata akiwa rafiki. Tuliiweka baada ya mabishano makali, maana vijana wawili walikuwa wanauziana akaunti, na mmoja alipokea akaunti ambayo mwenye zamani aliichukua tena kwa barua pepe yake ya kwanza. Urafiki wao haujapona hadi leo.

*Muda na mega.* Mlinzi wa mlango ana kazi ya kila siku, tujue hilo. Mega nazo huenda kwa video na sauti zisizoisha. Zima upakuaji wa picha na video usio na ruhusa yako, la sivyo forfe (kifurushi cha mega) ya wiki itaisha Jumatano.

*Inavunjika wapi.* Inavunjika vibaya, kwa sababu ndani ya kundi watu wameshusha ulinzi. Akaunti ya mmoja wenu ikiibwa, tapeli anaanza kuongea kwa mdomo wa rafiki. «Yaya, kuna namba sita zimeingia ku simu yako kwa makosa, unitumie.» Namba hizo ni za kufungua WhatsApp yako. Ukizitoa, mdomo unaofuata kukopwa ni wako. Kinga yetu ni kupiga simu. Ombi lolote la pesa au la namba, hata liwe dogo, linajibiwa kwa simu ya kawaida, asikike mwenyewe. Nawaambia vijana jambo ninalowaambia wateja wa kabine: hata mimi ninayekutumia pesa sina haki ya kujua namba yako ya siri. Nikikuuliza, ondoka.

*Unapoteza nini.* Damu mpya. Mwaka wa kwanza mnafurahi, wa pili wawili wanaanza chuo kikuu, UNILU, mmoja anahamia Kolwezi kwa kazi, mnabaki tisa na mlango umefungwa. Makampuni yenyewe yalionja hilo. Jagex, walipochoshwa na wauza dhahabu waliolipia kwa kadi zilizoibwa, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 waliondoa biashara huru kati ya wachezaji. Wauzaji waliumia kweli, lakini na mchezaji mwema hakuweza tena kumpa rafiki yake zawadi ya maana. Wachezaji walilalamika kwa miaka, na Februari 2011 biashara huru ikarudishwa. Mlango uliofungwa sana unamfungia na mwenye nyumba.

*Inamfaa nani.* Timu ambayo tayari inajuana, mtaa mmoja au shule moja. Wazazi wa watoto wanaocheza pamoja pia, ikiwa mkubwa mmoja atakubali kukaa kwenye kundi na kusoma. Asiyejuana na mtu, njia hii bado haimhusu.

Njia ya nne: kununua mlango wa mbele, au kutonunua kabisa

Wengine hawatainunua hoja hii: dawa mojawapo ya muuzaji haramu ni duka halali. Lakini nimekaa kabine miaka mingi, naona pesa zinavyokwenda. Anayenunua kwa tapeli mara nyingi hakuvutwa na bei peke yake. Alikuwa na elfu kumi na tano mkononi na hakujua mahali pengine pa kuzipeleka, kwa sababu duka la ndani ya mchezo linataka kadi ya benki na yeye hana.

*Inamkinga nani.* Mwenye hamu. Yule ambaye hata umfundishe nini, wiki ijayo atataka nguo mpya ya mchezaji wake.

*Muda na mega.* Mara ya kwanza inasumbua, baada ya hapo dakika tano. Ukiwa na kadi, au una ndugu mwenye kadi unayemwamini, nunua ndani ya mchezo. Usipokuwa nayo, tafuta njia rasmi ya kuongeza kwa namba ya mchezaji. Kwa PUBG Mobile, kwa mfano, ipo Midasbuy. Andika anwani mwenyewe, usifuate linki uliyotumiwa kwenye chati. Kipimo changu ni hiki: anayeongeza kihalali anahitaji namba yako ya mchezaji tu. Neno la siri hana kazi nalo. Namba sita za SMS hana kazi nazo. Akiziomba, mazungumzo yameisha, hata kama anauza kibandani kwenye barabara yenu na unamwita papa.

*Inavunjika wapi.* Tovuti za bandia zinazofanana na za kweli, herufi moja tu imebadilishwa kwenye anwani. Na muuzaji wa mtaani mwenye sura nzuri ambaye naye ananunua kwa kadi chafu bila wewe kujua. Ukubwa wa uchafu huu ulionekana Oktoba 2019, Valve, wenye mchezo wa CS:GO, walipozuia funguo mpya za kufungulia makasha ya mchezo huo kuuzwa tena kati ya wachezaji. Walisema wanaamini karibu funguo zote zilizokuwa zikiuzwa upya zilitokana na ulaghai. Karibu zote. Kwa hiyo bei ikiwa nusu ya bei ya duka, jiulize nani anailipia nusu nyingine.

Blizzard, wenye World of Warcraft, walijaribu kumkausha muuzaji kwa njia hiihii. Mwaka 2015 walileta tokeni ya mchezo huo: mwenye pesa anainunua kwao, anamuuzia mchezaji mwenzake kwa dhahabu ya mchezo, na huyo anaitumia kulipia muda wake wa kucheza. Mchezo ukawa na njia halali ya kupata dhahabu kwa pesa. Roboti hazikuisha, lakini mnunuzi mwoga alipata pa kwenda. Wapo wachezaji wanaosema hilo lilihalalisha kununua ushindi, na siwezi kuwaambia wamekosea.

*Unapoteza nini.* Pesa, na zaidi ya zile ambazo tapeli angekuomba. Hii ndiyo njia pekee yenye bei, kwa hiyo kwa familia yenye hesabu kali jibu la uaminifu ni kutonunua. Free Fire na PUBG Mobile ni za bure kucheza. Timu yangu ina kijana ambaye hajawahi kulipa chochote, na anatufunga wote.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye pesa ndogo ya starehe aliyoipangia. Mzazi anayetaka kumzawadia mtoto: nunua wewe, kwa simu yako, mbele yake, aone namna inavyofanywa.

Kuna kitu kinachonishangaza kila siku kazini. Hapa kwetu dola ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha, hakuna anayeipokea. Mteja ataigeuza, ataiinua kwenye mwanga, ataikataa. Mteja huyohuyo dakika tano baadaye ananiambia nitume pesa kwa namba ya mtu asiyemjua jina. Macho anayo, hajazoea tu kuyatumia kwenye simu.

Kulingana na hali yako

Una mtoto chini ya miaka kumi na tatu: anza na ya kwanza, mkae pamoja. Mwambie sentensi moja aishike, kwamba diama hazitumwi na mtu. Ya nne iwe mikononi mwako, si mwake. Kuripoti unaweza kumfundisha akiwa na hamu, watoto huipenda sana kazi hiyo wakijua wanamlinda mwingine.

Unacheza peke yako na hujapata timu: acha chati ya wote wazi kwa muda, bloku unaokutana nao, ripoti mmoja au wawili kwa siku. Ukishapata watu wako ndipo ufikirie kujifungia.

Unaongoza timu: ya tatu na ya pili kwa pamoja. Fungeni mlango, lakini kila mwezi mmoja wenu arudi kwenye chati ya wote kutafuta wageni wawili, na wote mripoti mnachokutana nacho huko. Mlinzi wa mlango abadilishwe, kazi hiyo inachosha.

Una sale (chumba) ya michezo yenye simu au kompyuta wanazoshika watu wengi: hatari yako kubwa si matangazo, ni akaunti zinazobaki wazi. Mteja akiondoka, akaunti itoke naye. Bandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba neno la siri halitolewi, hata kwa mwenye sale.

Unacheza RuneScape, World of Warcraft au mchezo wowote ambamo dhahabu inahama: kubloku na kuripoti. Kundi lililofungwa halitakusaidia sana, kwa sababu roboti inayochimba haikuandikii, inamaliza mawe tu. Kununua dhahabu nje ya njia ya mchezo wenyewe kunaweza kukugharimu akaunti ya miaka.

Wewe ni mwenye kabine kama mimi: jina likitokea kwenye simu, lisome kwa sauti mteja asikie, kisha ngoja. Mimi sasa huongeza swali, «Alikuomba modepasi?» yaani neno la siri. Wengine huirudisha pesa mfukoni hapohapo.

Umeshatuma pesa au umeshatoa neno la siri: usianze na kuripoti. Anza na akaunti uliyoingilia mchezo, iwe ya Google au ya Facebook. Badilisha neno la siri, toa vifaa vyote usivyovitambua, washa uthibitisho wa hatua mbili. Hilo lifanyike kabla hujamwandikia tapeli neno lolote. Pili, mpigie mtoa huduma wa pesa ya simu na namba ya muamala mkononi. Mara nyingi pesa inakuwa imeshatolewa, lakini ukipiga katika dakika za mwanzo huenda bado ipo, na namba hiyo itakuwa na alama kwao. Tatu, waandikie wenye mchezo, weka risiti za manunuzi yako yote ya zamani kama unazo, ndizo zinazoonyesha akaunti ni ya nani. Yule kijana wa noti tatu hakuwa na risiti hata moja. Tulikaa naye kabine mpaka saa mbili usiku tukitafuta kwenye simu yake, tukapata picha moja ya skrini ya mwaka uliopita yenye namba yake ya mchezaji, na tukaituma hiyo.